Pedi Isiyolika

Ipo siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Ilianzia kwenye kibaraza cha duka la spea, Masumbwe, nikiwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya jiografia ambayo hadi leo haijafungua nati hata moja. Naisimulia kwa sababu jana ulinipigia simu kwa furaha, ukaniambia babu yako amekupa zawadi ya pedi za breki za hilo gari la familia ulilonunua, na kwamba ziko kama mpya. Nazijua. Ni kama mpya kweli, na hapo ndipo penye shida.

Babu yako huyo mimi namwita baba mkubwa, maana ni kaka wa marehemu baba. Wakati ule alikuwa dalali wa dhahabu. Wachimbaji walimletea vipande vyao, naye alivipima kwa kiganja kabla ya kuviweka kwenye mizani, akavikwaruza kwa ukucha, akavisugua kwenye sementi, kisha akakuambia hii mali, hii takataka. Mara nyingi alipatia. Mtu aliyezoea kupatia kwenye jambo moja ana hatari yake: kiganja kilekile atakwenda nacho kuchagua daktari, mchumba na betri ya redio.

Gari lake lilikuwa limeanza kusaga, chuma kwa chuma, kila akikanyaga breki. Bibi yako, mkewe, alitaka kwenda harusini kwao Samuye, akasema hapandi mpaka breki zishughulikiwe. Mimi namwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, kwa sababu ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, na pamba ya shamba lake huko Samuye ndiyo iliyonipeleka shule. Basi tukaenda dukani, baba mkubwa na mimi, kutafuta pedi.

Muuzaji akaweka maboksi mawili mezani. La kwanza lilikuwa na pedi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la aina ile. La pili halikuwa na jina la mtu wala la nchi. Baba mkubwa hakusoma boksi. Alitoa pedi moja moja, akapima kwa kiganja, kisha akachuchumaa kibarazani na kuzisugua sakafuni kama anavyosugua mawe ya wateja wake. Ya kwanza ikaacha unga mweusi. Ya pili ikachora sementi, yenyewe isitoke hata chembe.

"Umeona?" akauliza, akiinyanyua ile ya pili ili hata waliokaa nje waione. "Hii ndiyo mali. Ile nyingine mkaa."

Chuoni niliishi chumba kimoja na mwanafunzi wa uhandisi aliyependa kueleza breki hata kama hujamuuliza. Kwa hiyo nilijua. Nikasema, "Baba mkubwa, pedi inatakiwa iishe. Inashika diski ya gurudumu kwa kuliwa. Hiyo ngumu itateleza."

Kibaraza kizima kikacheka.

"Msikieni msomi!" akasema baba mkubwa. "Kumbe huko chuo mnafundishwa kununua vitu vinavyoisha. Ndiyo maana hata viatu vyako vimeisha."

"Mzee anajua mawe," akaongeza muuzaji, ambaye angeuza boksi lolote lile.

Nikafungua mdomo tena. Baba mkubwa akanitazama, akasema polepole, "Mbele za watu, mwanangu?" Nikajibu, "Sawa, baba mkubwa." Nimelelewa hivyo. Mtoto wa Samuye hambishii mzee kibarazani kwa watu, hasa mzee ambaye ndiye aliyemlipia nauli ya kuja kubisha. Fundi akafunga pedi ngumu, tukaondoka na mayu, amekaa mbele kushoto, kitenge kipya magotini akikilinda kisikunjamane.

Njiani breki zilipiga kelele ya kutoboa masikio. "Sikia zinavyofanya kazi," baba mkubwa akasema. Mayu akanigeukia nyuma. "Ndivyo zinavyotakiwa kulia?" Nikatazama kisogo cha baba mkubwa, nikasema, "Ndiyo, mayu." Nilikuwa na adabu sana siku ile.

Isaka kulikuwa na manyunyu, na foleni ya malori yanayoingia bandari kavu. Lori lililotutangulia likasimama. Baba mkubwa akakanyaga breki, akakanyaga tena kwa miguu yote miwili. Hatukwenda kwa kasi, na hilo ndilo linaloniuma. Gari lilipungua mwendo, likalia, likateleza taratibu kama mgeni anayeingia bila hodi, likaingia chini ya mkia wa lori kwa upande wa kushoto. Upande wa mayu.

Nyonga ilivunjika vibaya. Aliyekuwa akipalilia pamba kuanzia alfajiri, hajashika jembe tena.

Nilikwenda kumwona wodini. Nilitegemea anililie, au aniombee. Akaniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua, mayu."

"Ukasema?"

"Nilisema. Akanikataza."

"Mara ngapi?"

Nikainua kidole kimoja. Akageuza uso kuelekea ukutani. "Kama ni adabu," akasema, "ningekufundisha bure, nyumbani. Shule nilikupeleka ili ujue jambo uniambie mimi. Nilikuuliza garini. Ukaniambia nini?"

Mwanangu, sijapona maneno yale, na usidhani ni majuto matupu. Kuna hasira pia. Aliyechagua pedi hakuulizwa chochote. Alikuwa nje, chini ya dirisha la wodi, akiwaeleza ndugu kuwa ule ni mkono wa mtu, watu wanamwonea wivu kwa gari lake. Wakamwamini. Mimi niliyepatia ndiye niliyegombezwa, na mbaya zaidi aliyenigombeza alikuwa na haki.

Wiki chache baadaye baba mkubwa alikwenda gereji kwenye lile gari lililobondeka, akafungua pedi zake, akazifunga kwenye kitambaa. Akanionyesha, hana hata aibu. "Tazama. Ajali yote ile, na hazijalika hata kidogo."

Ndizo hizo alizokupa.

Basi sikiliza. Mpokelee babu kwa mikono miwili, kisha zifanye za kuzuia mlango. Nunua pedi zilizotengenezwa kwa gari lako, na ubadilishe za kulia na kushoto kwa pamoja. Fundi akuonyeshe diski kabla hajafunga, maana pedi mpya kwenye diski iliyochimbika ni kazi bure. Ukishafungiwa, zizoeshe kwenye barabara tupu, ukipunguza mwendo taratibu, kabla hujapakia mtu. Zikaguliwe mara kwa mara, na ukikuta zimepungua usinung'unike. Wakati zinapungua, wewe ulikuwa unasimama. Na mzee akikunyamazisha mbele za watu, mfuate pembeni umwambie tena. Akikataa, mwambie atakayekaa kiti cha kushoto. Huyo ana haki ya kujua kabla hajapanga kitenge chake magotini.

Bibi yako anatembea kwa gongo sasa. Gari likiingia uwanjani kwake hatoki kulipokea. Husubiri mlangoni, ameshika mwimo wake, mpaka magurudumu yatulie kabisa, ndipo anyanyue mguu. Hufanya hivyo hata gari likiwa langu.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, akupe gari linalokutii na ulimi usiochoka kurudia. Na akujalie siku moja uingie uwanja ule wa Samuye, bibi yako aanze kutembea kukujia kabla hujasimama.