Verna Ruohonen na hofu ya teke la bunduki

Saa mbili asubuhi, siku mbili kabla ya msimu wa kuwinda kulungu kufunguliwa, Verna Ruohonen amesimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa mjini Tamarack Bay, kaskazini mwa jimbo la Michigan, Marekani. Mbele yake kuna foleni ya wanaume wenye makoti ya rangi ya chungwa. Wote wanataka risasi, na Verna hampi mtu boksi kabla ya kumhoji.

"Unapiga umbali gani?"

"Hatua mia, mia na hamsini hivi," anajibu dereva mmoja wa lori la magogo.

"Sasa hii risasi kubwa ya 300 Magnum ni ya kulungu au ya kubomolea ghala?"

Foleni inaangua kicheko. Verna hacheki.

"Wiki hii kila mwaka silali," ananiambia. "Nikisikia mlio porini, nasubiri king'ora cha gari la wagonjwa."

Ana miaka sitini na mmoja, na ameuza risasi kwa miaka ishirini na saba. Analipwa dola kumi na sita kwa saa. Hofu yake ina umri wa miaka sita.

Mwaka ule alimuuzia fundi bomba Gordy Tervo bunduki ya 300 Magnum. "Alitaka kubwa, nami nikamsifia. Nilimwambia hiyo haikosi. Uongo mtupu."

Kila ilipofyatuka mazoezini, bunduki ilirudi nyuma na kumpiga Gordy teke hadi bega likavilia damu, naye akanyamaza kwa aibu. Siku ya kwanza ya msimu, kulungu alisimama hatua mia na kumi tu kutoka alipokuwa. Gordy alifumba macho kabla ya kufyatua. Risasi ilipita juu ya mgongo wa mnyama, ikavuka shamba na kutoboa ukuta wa jiko la Bi Impi Saarela, mjane wa miaka themanini, aliyekuwa akimenya viazi. Ilimkosa shingoni kwa upana wa kiganja.

"Nilikwenda kuliona lile tundu," anasema Verna. "Nikaingiza kidole, kikapita."

Hadanganyi wateja kwamba kuna risasi salama. Hata ndogo ingetoboa ukuta ule. "Ila kwa umbali wa huku, risasi ndogo ya 243 inamtosha kulungu. Ukiwa na bega imara, chukua ya wastani, 308. Mtu anayeiogopa bunduki yake halengi, anabahatisha."

Mlango unafunguliwa. Ni Gordy, ambaye hajawinda tangu siku ile.

"Mama Verna," anasema huku akiikunja kofia yake. "Nataka kurudi porini. Lakini naogopa."

"Hata mimi naogopa, bwana. Twende nyuma."

Kwenye uwanja wa shabaha nyuma ya duka, Verna anampa bunduki ya 308 aliyomjazia mwenyewe. Gordy analenga, anavuta kifyatulio. *Tik.* Hakuna mlio, lakini mtutu umeinama ghafla na macho ameyafumba.

"Umeniwekea nini humu?"

"Risasi bandia. Umeona ulivyoruka? Bunduki haijafanya kitu. Ni wewe."

Gordy anakaa chini kwenye theluji, anafunika uso. Verna anamwacha. Kisha anamletea 243, bunduki nyepesi ya mtumba, na risasi za kweli amezichanganya na za bandia ili asijue ipi inafuata. Wanarudia mara kumi na saba. Mara ya mwisho ni *tik*, na mtutu haukutikisika.

"Hii nakuuzia," anasema Verna. "Na kabla ya kwenda, pitia kwa Bi Impi umwonyeshe utakapokaa kumvizia kulungu."

Gordy alipita kweli. Bi Impi alimpa kahawa, akamwambia: "Kaa ukiipa nyumba yangu mgongo, kijana. Na mlima uwe mbele yako, uzuie risasi. Ukigeuka, nitakuja kukutandika kwa mwiko."

Asubuhi ya ufunguzi wa msimu, Verna yuko kaunta. Saa mbili na robo mlio mmoja unasikika upande wa mashamba. Anashika ukingo wa kaunta, macho kwenye simu. Mteja anamuuliza bei ya kamba, hamsikii. Dakika tisa zinapita ndipo inaita.

"Kulungu kaanguka palepale," anasema Gordy, akilia. "Hatua tisini. Macho nilikuwa nimeyafumbua, Mama Verna. Nimeona kila kitu."

Verna anaketi juu ya ndoo ya misumari.

Amemwomba mwenye duka kwamba kuanzia mwakani asiuziwe mtu bunduki kabla ya kuijaribu uwanjani. Mwenye duka bado anafikiria. Jambo la pili hajamwomba mtu. Yeye mwenyewe hajawinda tangu risasi ile ya Gordy, miaka sita sasa.

"Novemba ijayo nitachukua likizo siku ya kwanza," anasema. "Nitakwenda na hofu yangu hivyo hivyo. Nikiisubiri iishe, nitafia hapa kaunta."