Fundi Mwinshehe na kanisa alilonyimwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla saidia fundi wa kwanza hajafika, mzee mmoja anapenya uzio wa mabati wa kanisa jipya la Presbiteri linalojengwa Ukonga, Dar es Salaam. Kwapani ana pima maji. Anaiegemeza ukutani, anainama, anakodolea jicho lile tone la hewa kwenye kioo. Limetulia katikati. Anasonya.

"Umenyooka," anasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba.

Mwinshehe Kibwana, 63, hana kazi hapa. Huja karibu kila asubuhi kutafuta kosa, na wala haoni haya kusema.

"Wivu ninao, andika hivyohivyo. Kanisa hili nimelijenga mie mara mbili. Mara ya tatu wamempa Badru. Badru! Mtu aliyekuwa ananichanganyia udongo!"

Jovina Kaijage, mzee wa kanisa, anaikumbuka safari yote. Mwaka 1995 walikuwa waumini kumi na mmoja, wakisali kwenye baraza ya mashine ya kusaga.

"Mteja akija na mahindi yake, mchungaji ananyamaza mpaka debe liishe," anasema akicheka. "Mahubiri ya nusu saa yalikuwa yanakwenda saa mbili."

Mwaka 1999 walipata kiwanja, na Mwinshehe akawasimamishia banda la mabati na mirunda. Mwaka 2007 akalibomoa, akajenga la tofali la watu 150. Ndimo wanamosali hadi leo, wengine wakisikilizia dirishani.

Mkewe, Mwanaheri, hajasahau miaka hiyo. "Ijumaa yuko msikitini, siku nyingine zote yuko kanisani. Nikamwambia, baba, si uhamie huko moja kwa moja!"

Jengo la sasa litabeba watu 700. Lilihitaji mkandarasi aliyesajiliwa, na Mwinshehe hana hata cheti. Yeye hujenga uzio na vyoo vya watu kwa Sh35,000 kwa siku, siku zinapopatikana.

"Badru alikuwa anasoma jioni, mie namcheka. Namwambia tofali halijui kusoma. Haya, nani anacheka sasa?"

Kisha ikaja habari ya shimo. Hapo mzee anaishusha pima maji chini na kukaa juu ya rundo la kokoto.

Mwezi Machi, vijana wa Badru walipiga mambo, vile vigingi vya kupimia, na kuvuta kamba za msingi. Mwinshehe, akichungulia uzioni, aliona nguzo ya mnara inaangukia palepale palipokuwa na choo cha shimo cha lile banda la mabati. Futi kumi na tano. Alikifukia mwenyewe mwaka 2007, kwa taka na kifusi. Hakuna mwingine aliyekumbuka.

"Nikanyamaza. Siku nne. Nilisema moyoni, acha mnara uiname, wamjue fundi wao. Wallahi nilifurahi. Nilikula ubwabwa nikalala."

Siku ya tano ilikuwa Jumamosi. Watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wanafanya mazoezi ya kwaya, wamekaa kwenye mchanga katikati ya zile mambo.

"Nikawaona wamekaa juu ya shimo langu, wanaimba. Nikawaza: Mnara ukianguka, si Badru atakayekuwa chini yake."

Akaingia. Badru akamwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia, kisha akamwonyesha pale alipokanyaga: "Chimba hapa."

Walipofika futi tatu, nondo waliyochomeka ikazama yenyewe kama kijiko kwenye uji.

Badru Mwinjuma, 41, anakiri waziwazi. "Tulipima udongo sehemu tatu za kiwanja, pale hatukupima. Nilizoea kumwona mzee pale uzioni, nikadhani anakuja kunisimanga tu. Kumbe ningemuuliza siku ya kwanza." Shimo walilichimbua lote, wakalijaza mawe na zege.

Je, Mwinshehe amemwambia kwamba alinyamaza siku nne?

"Nimemwambia. Akaniambia tu, 'Fundi, chagua ukuta.'"

Amechagua ukuta wa mbele, wenye mlango mkubwa, ambao kila muumini atapita mbele yake. Anaanza kuujenga Jumatatu. Na wivu umeisha?

"Uishe uende wapi? Kuta zake zimenyooka, zinaniuma. Nilimfundisha vizuri mno, ndilo kosa langu." Anasimama, anakung'uta vumbi kwenye suruali. "Ila nimempa sharti moja. Kila kozi kumi za tofali nikimaliza, aje aupime ukuta wangu kwa mkono wake. Na aje alfajiri, kabla watu hawajafika, kama ninavyokuja mie."