Komeo, Mbwa na Ndoo ya Udhu

Mate ya mbwa yana harufu. Asiyeamini aje ainamie ndoo ambayo mbwa wa mtaani ametoka kuilamba, wakati jua la saa saba limeshaipasha moto. Mimi nimeinamia. Juu ya maji palikuwa na utelezi unaong'aa, na unywele wa kahawia ukizunguka taratibu. Ilikuwa ndoo ya udhu ya mama yangu.

Mama aliyamwaga maji yote. Akachota udongo wa kichuguu aliouweka kwenye kopo kwa kazi hiyo, akaanza kuiosha ndoo mara saba kama dini inavyotaka, mara moja kwa udongo. Mgongo wake si wa kuinama namna ile tena. Alipomaliza aliketi kizingitini, anahema.

"Baba," aliniambia, "mimi narudi kijijini Matambarale. Mbwa wa kule wana wenyewe."

Maneno hayo yaliniingia vibaya. Mimi ndiye niliyemleta Ruangwa mjini. Niliondoka kijijini na begi la kuazima, nikabeba zege Dar es Salaam ili nijisomeshe, nikapata stashahada ya ufundi mitambo ambayo hakuna mjomba wala shangazi aliyeichangia hata kalamu. Nimefungua na kufunga mashine za kiwandani ambazo wenzangu waliogopa kuzisogelea. Niliporudi nilitamka mbele ya ukoo kwamba mama yangu halali tena kwenye nyumba inayovuja. Sasa anishinde kwa ajili ya komeo? Wangenicheka mpaka Nanganga.

Maana ugonjwa wote ulikuwa komeo. Geti la nyumba niliyopanga lilikuwa limelala upande mmoja, bawaba ya juu imechomoka nusu ukutani, hivyo komeo liligonga nguzo chini ya tundu lake. Wapangaji walionitangulia hawakuliinua geti. Kila liliposhuka, walitoboa tundu jingine chini ya lile la zamani, mpaka nguzo ikawa na matundu kama filimbi. Walipochoka kutoboa wakaanza kulifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kipande hicho kilinitia kinyaa kuliko mbwa mwenyewe. Kilikuwa cheusi, kinanata, kimeshiba mafuta ya samaki, uji na makamasi ya miaka mingi. Kukishika ni kama kupeana mkono na kila mtu aliyewahi kuishi pale, kabla hajanawa.

Mpangaji mwenzangu, mwalimu wa kike aliyehamishiwa huku kutoka bara, alikuwa akitoka anakiacha kinaning'inia, geti wazi kwa mbwa.

"Dada, geti!" nilimwambia.

"Kaka, mimi siligusi lile dude. Nakwenda kushika chaki."

Hapo sikuweza kumlaumu.

Nilipanda pikipiki mpaka Nachingwea, anakoishi mwenye nyumba. Nilimkuta dukani kwake anatafuna muhogo wa kuchoma huku anachokoa meno kwa njiti ya kiberiti. Yeye Mmakonde, mimi Mmwera, kwa hiyo ni watani, na hakuacha nafasi ipite.

"Mmwera na geti wapi na wapi?" alisema. "Si kwenu mnafunga mlango kwa fito na kumwachia Mungu?"

"Na Mmakonde gani anashindwa kuchonga tundu la komeo? Wenzako wanachonga mashetani mpaka meno yanaonekana, wewe kitundu kimekutoa jasho."

Alicheka mpaka chembe za muhogo zikatua kwenye shati langu jeupe. "Haya, tengeneza mwenyewe, injinia. Ila usiniharibie nguzo yangu."

Nguzo yake!

Kesho yake nilishusha timazi kupima wima wa nguzo, nikaing'oa ile bawaba. Saruji iliyoishikilia ilikuwa mchanga mtupu, ikabomoka kama andazi la juzi, na ndani yake wakatoka mende walionona. Nani alilipwa kwa uchafu ule, na akalala usingizi? Nililiinua geti juu ya mawe, nikaikita bawaba kwa zege la mtu aliyesoma, nikakataza mtu kuligusa mpaka likauke. Yale matundu ya chini niliyaziba yote. Zege lilipokauka nikapaka rangi mpya, nikasukuma komeo. Liliingia kwenye tundu lake la kwanza kabisa na kutoa mlio mkavu. Ile tyubu niliisukuma kwa kijiti mpaka shimo la taka.

Siku ya gulio nilirudi mchana nikakuta geti liko wazi, limewekewa jiwe. Mama ameketi pembeni, ameipakata ile ndoo na kuifunika kanga.

"Mama! Nani kafungua?"

"Mimi."

"Na mbwa?"

"Mbwa nimemwekea fimbo. Wenzangu wametoka sokoni, wamefika hapo wakakuta pamefungwa. Nimewasikia. Wakasema, 'Wanakula hao,' wakapita. Tangu lini mimi nakula kwa kujificha?"

Huku kwetu geti likifungwa mchana lina maana hiyo: kuna ugomvi, au kuna chungu jikoni na wenyewe hawataki mgeni. Wanawake hao wa Malolo na Matambarale walikuwa wakiingia moja kwa moja, wanapumzika, wanaongea naye Kimwera mpaka jioni.

"Si wangepiga hodi?"

"Wamepiga. Mpaka nifike na miguu hii wameshakwenda zao. Kama ni kufungiwa, baba, nipeleke Matambarale kesho."

Nilichukizwa na wale wanawake, nikachukizwa na mbwa, na jiwe lile lililokwangua rangi yangu. Lakini sikusomea ufundi ili nishindwe na geti. Nilichukua grenda, nikakata kwenye bati la geti tundu la kupitisha mkono, kando ya komeo, na kingo zake nikazikunja zisimchane mtu. Mbwa hana kiganja. Mama akawatumia wenzake salamu kwa dereva wa bodaboda, kwamba wapitishe mkono tunduni wafungue wenyewe.

Gulio lililofuata tulisikia hodi. Mkono mkavu ukaingia tunduni mpaka kiwiko, ukapapasa bati kama nyoka anayetafuta yai.

"Fundi! Hiki kitundu chako kinakula watu?"

"Vuta kulia, bibi!"

"Kulia kwangu au kwako?"

Mama alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu nimhamishe. Komeo likalia, bibi wa Malolo akaingia na kapu lake la samaki wakavu, na wenzake nyuma yake.

"Fungeni! Fungeni, mbwa!" niliwapigia kelele.

"Tunafunga, mkwe, usitufokee," alisema wa mwisho, akalisukuma komeo kwa kiganja kilichojaa magamba.

Nilitafuta kitambaa. Nyuma yangu walishaanza Kimwera chao, wote kwa pamoja, na katikati ya kelele hiyo nikamsikia mama akiwaambia gulio lijalo waje mapema, atawapikia kisamvu. Mimi nilikuwa getini, nabandua gamba la samaki kwenye rangi mpya kwa ukucha.