Vipele na Barua ya Kumwachilia Mchumba

Vipele vilinitokea wiki tatu kabla ya harusi yangu, mahali ambapo hata daktari humwonyeshi mpaka umesukumwa. Vilikuwa vyekundu, vinachoma kama pilipili.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi kwa mama, huko Mumbuni, na kila nilichojua nilijifundisha kutoka vitabu vya mitumba. Kimoja kilikuwa cha magonjwa. Kurasa zake nyingi zilikuwa zimeng'oka, kwa hivyo nilikuta dalili tele na dawa hakuna.

Miaka hiyo ukiota kipele, watu walikuzika kwa macho. Ukimwi! Mimi sikuwa nimelala na mtu, hata mchumba wangu. Lakini kitabu kilisema kuna wanaosingizia vyoo vya kukalia, na ukurasa uliofuata, ambao nadhani ulikanusha, haukuwepo. Maishani nilikuwa nimekalia choo kimoja tu cha namna hiyo, kwenye ofisi fulani Nairobi nilikoenda kutafuta kazi. Kazi sikupata. Nikaamua nilichopata ni hiki.

Kila asubuhi nilijifungia chumbani na kioo, rula na daftari ya hesabu, nikachora ramani ya vipele: kalamu nyekundu kwa vipya, bluu kwa vya jana. Nikikosea, nachana ukurasa naanza upya.

"We, unasoma nini humo kila siku?" mama aliuliza mlangoni.

"Jiografia."

Mwishowe nikaandika barua ya kumwachilia mchumba wangu aolewe na mwanamume mwenye afya. Mwandiko haukuniridhisha, niliirudia mara tisa. Nilimpa Jumapili baada ya kanisa, akaisoma amesimama.

"Kwani umelala na nani?"

"Sijalala na mtu."

"Sasa imekuja na posta?"

"Ni choo."

Aliikunja barua akaitia kwenye Biblia yake. "Kesho asubuhi, hospitali. Nisipokukuta langoni, naenda kumwambia mama yako."

Daktari alikuwa mzee wa huku huku kwetu. Alitazama kidogo tu, kisha akapekua daftari yangu yote.

"Umechora vizuri. Chupi unaanika wapi?"

Nikamwambia ukweli. Kwetu kamba iko mbele ya nyumba na wamama wa kanisa hupita hapo, kwa hivyo chupi haianikwi wazi. Mama huficha zake chini ya leso. Mimi sipendi chupi iliyokunjamana, kwa hivyo mwezi huo nilikuwa nimeanza kuzianika nyuma, kwenye ua wa minyaa, nikivunja ncha ya kijiti kwa kila chupi na kuitundika hapo ili ining'inie sawa.

"Unavunja?"

"Ndiyo. Kimoja kimoja."

"Na yale maziwa ya minyaa yanaenda wapi?"

Mtoto yeyote wa Ukambani anajua utomvu wa minyaa unababua ngozi. Hata mimi nilijua. Na nilikuwa nimeupaka chupi sita, kwa mpangilio.

Nje, mchumba wangu aliinuka kwenye benchi. "Ni choo?"

"Ni minyaa."

Ilibidi nieleze, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea karibu asikie vizuri. Mchumba wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Utaanika kwa kamba," akasema. "Mama yako akiuliza, mwambie ni amri ya bibi yako."

Bibi yako, alisema, na harusi ilikuwa bado. Nikamwomba barua yangu.

"Ya nini?"

"Mstari wa mwisho umepinda."

Tulioana siku ile ile iliyopangwa. Barua hajanirudishia.