Itifaki ya Miti na Maji

Kitabu nilichokipenda kuliko vyote katika maktaba ya mjini Kisii hakuna aliyewahi kukiazima, na wala hakikuruhusiwa kutoka nje. Kilikuwa bibliografia: kurasa kwa kurasa za majina ya vitabu na makala kuhusu udongo, maji, misitu na wadudu, kila jina na maelezo mafupi chini yake. Miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa msaidizi pale, na wenzangu walikiita menyu ya hoteli isiyo na jiko. Niliwaacha wacheke. Rafu zetu zilikuwa fupi, na mtu asiyejua kwamba kitabu fulani kipo hawezi hata kukiomba.

Aliyekuja kunipa haki ni baba mkubwa, kaka ya baba yangu, mzee wa kanisa la Waadventista upande wa Ekerenyo. Alikuwa amepanda mikaratusi, tuliyoiita blugamu, kuizunguka chemchemi ya bondeni kwake, kwa kuwa ardhi ile ya majimaji haikufaa chai wala ndizi. Miti ikapaa, majirani wakamsifu. Lakini kila kiangazi chemchemi ilizidi kupungua, hadi mama mkubwa, mkewe, akawa anachota kwa kikombe, anamimina mtungini, anangoja maji yajikusanye tena. Mto ulikuwa mbali, chini ya kilima kikali, na goti lake moja lilikuwa limeshakataa vilima. Chemchemi ikikauka, angeishije? Alisema wazi kwamba miti ndiyo inayomnywea maji yake.

Baba mkubwa alimjibu alivyomjibu kila mtu: "Fungu?" Kwake, hoja isiyo na fungu la Biblia ilikuwa kelele tu. Ukimwambia mvua inakuja, alidai andiko. Mama mkubwa alitafuta, lakini fungu la blugamu angelitoa wapi maskini?

Nilipopata habari hiyo nilimwambia mama mkubwa amlete mumewe kwangu maktabani. Akamleta Jumatatu moja, mzee amevaa koti lake la Sabato. Nyumbani tuliongea Ekegusii, lakini kwa baba mkubwa ofisi ilikuwa ofisi, hata kama aliyeketi mezani ni mtoto wa ndugu yake. Akanisalimia kwa Kiswahili.

"Mwanangu, nimesikia uko na fungu ya miti."

Nilifungua bibliografia nyuma kwenye faharasa, nikafuata neno hadi namba, na namba hadi ukurasa. Pale palikuwa na jina la kitabu kuhusu miti ya kigeni na maji ya mabondeni. Nikamsomea maelezo yake.

"Sasa hiyo kitabu yenyewe iko wapi?"

"Nairobi, baba. Tunaiagiza, inakuja na posta."

Nilijiandaa kwa kicheko. Hakucheka. Alikivuta kile kitabu kwake, akapitisha kidole taratibu kwenye safu za majina, kisha uso wake ukafunguka.

"Hii ni itifaki!"

Alimaanisha ile orodha ya nyuma ya Biblia yake, inayokuonyesha neno fulani liko sura ipi, fungu lipi. "Itifaki haihubiri," akasema, "lakini bila hiyo, mhubiri atatafuta mpaka watu waende nyumbani." Nilitamani wenzangu wote wamsikie. Mimi niliyekipenda kitabu kile sikuwahi kukieleza vizuri hivyo.

Kitabu kilipofika kutoka Nairobi, wakarudi wote wawili. Nikawatafsiria ukurasa uliohusika, na baba mkubwa akanitaka niurudie. Haukumpendelea hata kidogo. Kitabu kilionya kwamba miti ya aina ile haipaswi kupandwa karibu na chemchemi. Baba mkubwa akavua kofia, akamgeukia mkewe, na safari hii hakujali ofisi. Kwa Ekegusii, mbele ya wageni, akamwambia, "Ulisema kweli." Nilimpenda sana mzee yule siku hiyo.

Akaita risaga, yaani majirani kusaidiana kazi shamba kwa shamba, na mwenye shamba hulisha. Kabla shoka la kwanza halijapigwa, alisimama akawatajia hadi namba ya ukurasa, kama anayetoa somo la Sabato. Miti ikaanguka, visiki vikang'olewa.

Kiangazi kilichofuata mama mkubwa alikuja peke yake, amebeba kibuyu. Hakujua kusoma, lakini aliniomba nimwonyeshe mahali. Nikafungua ukurasa wa bibliografia, nikaweka kidole chini ya mstari. Akautazama kwa muda. Kisha akanimiminia maji kifunikoni, pale pale kwenye meza nilipowafokea wengi kwa kuleta hata chai.

"Kunywa," akasema. "Siku hizi natumbukiza mtungi mzima."