Mama Nani?

Niseme mapema nisije nikajitetea baadaye: mie ndiye niliyemtoa Mama Loveness dirishani. Sikumtoa kwa ubaya, nilimtoa kwa uvivu.

Jina lake Marietha, mtu wa Masasi, na alikaa mapokezi ya zahanati yetu ya Boko miaka kumi na tisa. Mwanamke akifika dirishani, haulizwi jina lake la ubatizo. Anaulizwa, "Mama nani?" Akijibu Mama Praygod, Mama Loveness ameshachomoa kadi kwenye rafu. Kadi zote za kina mama ziliandikwa hivyohivyo, Mama fulani. Mwenye zahanati, Daktari Fredrick, aliponipa kazi ya kutengeneza mfumo wa kompyuta, ule unaofunguka kwenye intaneti, Mama Loveness ndiye aliyeziingiza kadi zote mle, moja moja, kwa vidole viwili. Miezi minne, na hakulalamika hata siku moja.

Baada ya mwaka, mfumo ukaanza kuganda dirishani kwake. Foleni inafika hadi nje, watoto wana homa, kina mama wanaguna. "Mtandao, wanangu, vumilieni," anawaambia. Maana kwetu kila kitu ni mtandao. Kompyuta ikigoma mtandao, printa ikikwama mtandao, hata umeme ukikatika kuna mtu atasema mtandao!

Alikuwa ananipigia simu. "Didas mwanangu, hebu njoo unitazamie, limeganda tena."

"Zima, washa, Mama." Basi, nimemaliza kazi.

Siku Daktari aliponiamuru, nilienda. Nikapima intaneti, iko vizuri. Dirisha la pili amekaa Salma, binti wa juzi tu, kompyuta ileile, mfumo uleule, kwake kunateleza. Mama Loveness alikuwa ameenda kunywa chai. Nikakaa kwenye kiti chake, nikamtafuta mgonjwa kwa namba ya simu kama afanyavyo Salma, pap, akafunguka. Nikaandika ripoti: mtandao upo sawa, tatizo lipo kwa mtumiaji. Mstari mmoja. Jamani, ule mstari!

Aliporudi akaniuliza, "Kwa hiyo ni mie?"

"Labda unabonyeza pole pole, Mama. Umri nao."

Akaviangalia vidole vyake. Mwezi uliofuata Daktari akampumzisha. Alipewa doti ya khanga na keki, akashukuru, akaomba radhi kwa kuchelewesha watu. Keki nilikula vipande viwili.

Wiki tatu baadaye Salma akanipigia. "Kaka Didas, mtandao!" Nikaenda nimenuna. Mbele yake amesimama mama mmoja muuza mboga wa Tandale, simu yake imeibwa na namba haikumbuki. Hapo nikasema maneno ambayo sikuwahi kumwambia Mama Loveness kwa mwaka mzima: "Hebu fanya nikuone."

Salma akaandika M, a, m, a. Kioo kikaganda.

Nilikuwa nimeutengeneza mfumo uanze kutafuta kabla mtu hajamaliza kuandika, na ulete kila jina linalofanana, bila kikomo. Ukiandika "Mama", unakwenda kuwaleta kina mama wote wa Boko hadi Mbweni, elfu tisa na ushee, ndipo unapokuruhusu kuandika Mama nani. Na kadri walivyoongezeka, ndivyo ulivyozidi kulemewa. Mama Loveness wa watu alikuwa anaandika upesi tu, ila kila herufi aliyobonyeza ilibaki inasubiri upuuzi wangu.

Nikaweka kikomo cha majina ishirini. Nikauambia mfumo usubiri mtu amalize kuandika. Dakika nne! Miaka kumi na tisa ya mtu, na dawa yake ilikuwa dakika nne.

Daktari akapita akauliza, "Umepata ishu yenyewe?"

"Nimepata, Dokta. Ulikuwa mtandao."

Siku hiyohiyo nikaenda kwa Mama Loveness, Mbweni, roho inanisuta. Nilimkuta barazani, beseni mapajani, mikono yote miwili imezama ndani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Samahani, sikupi mkono, umelowa. Maji ya moto na chumvi haya, nalowesha asubuhi na jioni. Hospitali wamenipima wakasema hawaoni kitu, lakini mie najua vidole vimechoka. Watoto wa watu walikuwa wanaungua na homa, mie niko pale nahangaika na herufi. Hilo ndilo linaloniuma."

Nikamweleza yote. Herufi, kina mama elfu tisa, dakika nne.

Akaitoa mikono kwenye maji. Akaigeuza, huku na huku, taratibu.

"Kwa hiyo haikuwa mikono yangu?"

"Haikuwa, Mama. Ilikuwa mie."

Akatabasamu, na machozi yakamtoka. Sikuwahi kumwona analia. "Asante Mungu," akasema. "Na Daktari ulipomwambia, alisemaje?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikatazama beseni.

"Nilimwambia ulikuwa mtandao."

Hakunitukana, bora angenitukana. Alinitazama kidogo, kisha akairudisha mikono yake kwenye maji.