Mzigo wa Kuni wa Mbunge

Baba alipochaguliwa kuwa mbunge nilikuwa darasa la tatu, na jambo la kwanza nililolielewa kuhusu ubunge ni kwamba unamchukua mtu. Ngoma zilipigwa uwanjani Mhunze, akabebwa juu juu mpaka kiatu kimoja kikapotea. Wiki chache baadaye tulimsindikiza stesheni ya Shinyanga na sanduku la bati, akapanda treni ya Dar es Salaam. Alisema anakwenda kikaoni. Kwa akili yangu ya kitoto, kikao kile hakikuisha.

Kwetu palikuwa na shikome, kama kwa kila Msukuma mwenye ng'ombe: mahali pa moto karibu na zizi ambapo wanaume hukaa jioni, wakila ugali wao na kuzungumza. Wanawake hatukai pale. Baba alipokuwepo, majirani walikuja kila jioni, nami nililala nikisikia kicheko chake kikipita ukutani. Alipoondoka moto haukuwashwa tena, maana nyumba yetu ilikuwa ya wasichana watupu. Kuku wakapafanya mahali pa kuogea vumbi. Nilikuwa nikiwafukuza kuku wale kwa hasira ambayo hawakuistahili.

Sasa, kule kwetu mtu akifa, kila kaya hupeleka mzigo wa kuni msibani, na mwanamume wa kaya hushika jembe kuchimba kaburi. Asiyefika hutozwa mbuzi. Akizoea kutofika, anatengwa: hapewi hata kaa la moto, na siku kifo kikiingia kwake, watu wanakaa majumbani mwao. Hukumu hiyo ilikuwa mikononi mwa nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kazi, na hata mwalimu mkuu wetu alimwogopa.

Misiba ikapita, baba hayupo. Alasiri moja wanaume wakaja uani kwetu kulizungumza jambo hilo. Nilikuwa jikoni nachambua majani ya kunde, nikasikia kila neno.

"Huyu ni mkazi au si mkazi?" mzee mmoja aliuliza. "Kama ni mkazi, anadaiwa mbuzi. Kama si mkazi, basi tumemtuma mgeni akatusemee."

"Lakini tumemtuma wenyewe," jirani yetu wa ng'ambo ya korongo akajibu. "Utamtumaje mtu kisimani, halafu umtoze faini kwa kuwa hayupo nyumbani?"

Waliendelea hivyo, na kila aliyesema niliona ana haki, mpaka mwingine aseme. Nimeshasikia watu waliosoma wakilijadili swali hilohilo redioni, na sijasikia wakilifikisha mbali zaidi ya pale uani. Mwishoni mama alitoka, akapiga goti kuwasalimia, akasema, "Kuni zake nitaleta mimi. Msimtoe kwenye hesabu."

Nsumba ntale alifikiri, akakubali.

Tangu hapo mama alifunga mizigo miwili kila palipotokea msiba. Wake aliufunga kwa kamba ya gome. Wa baba aliufunga kwa kipande cha kamba ya katani kilichobaki siku tulipofunga lile sanduku la bati. Hakuzichanganya kamba hizo. Alibeba mmoja, akarudi kuchukua wa pili, na akiutua alisema kwa sauti, ili wote wasikie, "Huu ni wa mwenye nyumba." Wanawake wengine walimtania kwamba mume wake ni mume wa kamba. Alicheka nao. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Baba alikuja, nisimsingizie. Alikuja kwa Landrova, na vitenge, na biskuti, ananukia sabuni ya kwingine. Shikome iliwashwa, na mimi nilikuwa tayari kukaa macho hadi asubuhi kwa ajili ya kicheko kile. Ila alikuwa ameanza kucheka kwa ufupi, kama mtu anayesubiriwa mahali. Akiniita aliniuliza, "Uko darasa la ngapi sasa?" Nilimjibu kila mara, na safari iliyofuata aliniuliza tena.

Mwaka mmoja alihutubia gulioni. Akatupongeza kwa mvua nzuri, akatuhimiza tuwahi palizi ya pamba. Pamba ilikuwa imekauka ikiwa kimo cha kiganja. Mvua ilikuwa imekata mapema, ng'ombe walikuwa wamekwisha kuhamishwa kufuata malisho. Kumbe Dar es Salaam ndiko ilikokuwa ikinyesha. Watu walipiga makofi, kwa sababu Msukuma hamuaibishi mtu jukwaani. Ni bibi mmoja tu aliyekuwa akiuza dagaa aliyesema, kwa upole kabisa, "Mvua ya wapi hiyo, baba?"

Jioni ile aliongea na mama mlangoni. "Mnataka nikae hapa," alisema, "lakini maji yenu hayako hapa. Yako kwenye meza za wakubwa kule. Nikiondoka mlangoni kwao siku mbili, yanakwenda kwa wengine."

"Sijasema kitu," mama akajibu.

Na kweli, kabla ya uchaguzi wa tatu lambo lilichimbwa. Lilijaa, na kiangazi kilichofuata ng'ombe wetu hawakuhama. Hadi leo nikiambiwa mbunge lazima alale jimboni mwake, nalikumbuka lambo lile, nanyamaza. Halafu naikumbuka mvua ya Dar es Salaam, nanyamaza tena.

Katika uchaguzi ule nilikuwa nimeshaanza kufundisha, na ilikuwa kura yangu ya kwanza. Karatasi ilikuwa na alama mbili, jembe na nyumba. Baba alikuwa jembe. Mpinzani wake aliishi jirani na kinu cha pamba, na hapakuwa na kaburi katika tarafa ile ambalo hakulichimba. Nilimpigia baba, kwa upendo, bila kupima lolote. Tulipokuwa njiani kurudi mama alisimama kurekebisha kanga yake kichwani.

"Nimempigia yule mwingine," alisema.

Nilishtuka. "Mayu, mama yangu, kwa nini?"

"Nataka arudi."

Baba alishindwa. Walioleta habari walikuja na nyuso za msiba, na mama aliwapokea vizuri, akawapa uji. Walipoondoka alichukua ufagio, akafagia shikome, akaondoa mavi ya kuku, akapanga magogo matatu mapya. Alimwomba kijana wa jirani atengeneze kigoda kilichovunjika mguu. Mwezi ule wote nilisikia furaha ambayo sikuthubutu kuionyesha kwa mtu. Kila vumbi barabarani lilikuwa baba.

Ilikuja salamu, si yeye. Alikuwa amepewa kazi katika ofisi moja kulekule Dar es Salaam, na angekuja mambo yakitulia. Hayakutulia. Nilikuwa mtu mzima, nikisahihisha madaftari ya watoto wa wenzangu, lakini nilimlilia baba yangu kama mtoto aliyeachwa sokoni. Mama hakulia mbele yangu. Palipotokea msiba alifunga mizigo miwili.

"Si mbunge tena," nilimwambia. "Huna sababu."

"Mkazi bado," alisema.

Miaka ikapita hivyo, tukimwona kwa nadra, hadi tulipoletewa mwili wake. Ulifika mchana, juu ya lori, akiwa na suti. Wanaume walikuwa wamejaa uani kwetu, wamekaa, majembe yamelala chini, wala hakuna aliyeyagusa. Nilielewa wanachosubiri. Nsumba ntale wa wakati huo, kijana ambaye hakuwahi hata kumpigia baba kura, alisimama akauliza kama desturi inavyotaka, "Kuna anayemdai huyu?"

Hakuna kaburi hata moja alilolichimba tangu siku ya kiatu kupotea, na kila mtu alijua.

Yule bibi wa dagaa, mzee sasa, ndiye aliyejibu kutoka kwenye mkeka wa wanawake. "Kuni zake tumezipikia," alisema. "Nilipofiwa na mwanangu, nilizipikia."

"Nami nilizipikia," akasema mwingine.

Nsumba ntale akainama, akaokota jembe. Wote wakainuka. Walimzika karibu na zizi, hatua chache kutoka kwenye shikome, na usiku wa matanga wanaume waliwasha moto pale, wakazungumza na kucheka kama zamani. Nililala nikisikiliza. Nilikitafuta kicheko kimoja katikati ya vicheko vile.

Msimu wa kuvuna mtama, jirani wa ng'ambo ya korongo alifiwa na mkewe. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba na shoka, kuni zimegawanywa mafungu mawili. Lile la kwanza alikuwa amekwisha kulifunga kwa gome. La pili alikuwa akilizungushia ile kamba ya katani, iliyolika sasa, imebaki nyuzi.

"Mayu," nilimwambia taratibu, "hizo za nini tena?"

"Za baba yako," alisema, akakaza fundo. "Sasa ndiyo anaishi hapa."